Kusikiliza Redio za Mbali Ukiwa Ghorofani: Maelezo kwa Anayetaka Kuanza



Mtu akimkuta kijana amekaa dirishani usiku, redio iko sikioni na inakoroma tu, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba redio ni mbovu au betri zimekwisha. Mara nyingi hakuna kibovu chochote. Kijana anatafuta stesheni iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapo, na mkoromo huo ndio anaohangaika kuupita. Hii ni hobi ya watu wengi duniani. Wenyewe huiita DX, kifupisho cha zamani cha watu wa telegrafu chenye maana ya "mbali".

Nimeifanya kwa miaka minne sasa, zaidi wakati wa likizo, katika fleti ya mama mdogo iliyo ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam. Baadhi ya wenzangu seminarini na waamini wa parokia yetu wameniuliza inafanyikaje. Wengine wameuliza swali gumu zaidi: kuna haja gani, ikiwa simu ya mkononi inaweza kukuletea stesheni hiyo hiyo bila mkoromo? Nitajaribu kuyajibu maswali yote mawili. Nitaanza na namna sauti inavyosafiri, nije kwenye matatizo ya fleti, kisha daftari la msikilizaji, na mwisho nirudi kwenye swali la faida.

SAUTI YA MBALI INAFIKAJE?

Redio nyingi za leo tunazisikia kwa FM. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ukisafiri kwa basi kutoka mjini, baada ya muda stesheni inaanza kukatika na hatimaye inapotea. Mawimbi mafupi, ambayo kwenye redio huandikwa SW, yana tabia nyingine.

Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi na kuendelea hadi kilomita mia kadhaa, hewa ni nyembamba sana. Miali ya jua huzivunja chembe zake na kuziacha zikiwa na chaji ya umeme. Eneo hilo huitwa ionosfia. Wimbi fupi likirushwa kwa pembe inayofaa hupinda huko juu na kurudi ardhini mbali sana na lilikotoka. Likigusa ardhi au bahari linaweza kuruka tena, kama kijiwe bapa ambacho mtoto hukirusha kikadundadunda juu ya maji.

Jambo hili lilijulikana kwa kusikika kabla ya kueleweka. Guglielmo Marconi alitangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901, akiwa Signal Hill, Newfoundland, alipokea herufi moja ya Morse iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Kwa kuwa dunia ni mviringo, wimbi lilipaswa kupotelea angani. Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba juu angani kuna tabaka linalorudisha mawimbi. Edward Appleton alithibitisha jambo hilo kwa majaribio yaliyoanza mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa msikilizaji, yako mambo matatu ya kukumbuka kuhusu anga hilo.

La kwanza, mchana na usiku si sawa. Tabaka la chini kabisa la ionosfia humeza mawimbi wakati wa mchana, na jua likizama linatoweka. Ndiyo maana mawimbi ya kati, yale ya MW, mchana huishia mkoani tu, lakini usiku huvuka bahari. Kwa mawimbi mafupi kanuni ni hii: jua likiwa juu, panda; jua likizama, shuka. Mchana tafuta kwenye mita 16 na mita 19. Usiku shuka kwenye mita 31, 41 na 49. Mita 25 huwa katikati. Ukitaka kujua mita kutoka kwenye megahezi, gawanya 300 kwa megahezi hizo: stesheni ya megahezi 9.6 iko kwenye mita 31.

La pili, aliye karibu anaweza kurukwa. Wimbi likipanda na kurudi ardhini kilomita 2,000 mbele, wote walio chini ya mruko huo hawasikii kitu. Usishangae kuipata stesheni ya Ulaya huku ya nchi jirani ikikushinda.

La tatu, jua lenyewe lina majira yake ya miaka 11 hivi. Likichangamka, masafa ya juu hufunguka na stesheni za mbali huja kwa nguvu, ingawa dhoruba za jua nazo huweza kulinyamazisha anga kwa saa kadhaa. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika katika kilele cha mzunguko wa sasa. Anayeanza miaka hii ameanza wakati mzuri.

MATATIZO YA FLETI

Vitabu vingi vya hobi hii vinamdhania msikilizaji mwenye shamba, mti mrefu na waya wa mita 30. Sisi wa ghorofani hatuna hayo. Tuna matatizo mawili, na ni vizuri kuyatofautisha.

Tatizo la kwanza ni kuta. Zege la ghorofa limejaa nondo, na madirisha nayo yana grili za chuma. Chuma hicho hudhoofisha mawimbi yanayoingia. Katikati ya sebule redio inaweza kuwa bubu kabisa, na hatua tatu kuelekea dirishani ikaanza kusema. Dawa yake ni rahisi: sogea dirishani, au bora zaidi toka kwenye baraza.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nalo ni kelele za umeme. Chaja za simu, balbu za LED, king'amuzi, televisheni, inveta, kompyuta, lifti: karibu vyote hivi vina sakiti ndogo zinazowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kimoja hutoa mawimbi yake hafifu. Mawimbi hayo ni dhaifu sana, lakini yako mita mbili kutoka kwenye redio. Wimbi la kutoka Roma limesafiri kama kilomita 6,000 hadi Dar es Salaam kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Limeshafika. Liko pale dirishani. Linalolizuia lisisikike ni chaja ya simu iliyosahaulika ukutani.

Hili ndilo jambo ambalo hobi hii imenifundisha kwa nguvu kuliko yote. Anayeanza hufikiri tatizo ni umbali, akatamani redio ya bei kubwa. Mara nyingi umbali umeshashindwa na anga lenyewe. Kazi iliyobaki ni ya kushughulikia kilicho karibu.

Hizi ndizo hatua ninazozifuata:

1. Tumia betri. Redio iliyochomekwa ukutani hupokea kelele za jengo zima kupitia waya wake.

2. Tembea na redio ndani ya nyumba. Iweke kwenye MW mahali pasipo na stesheni, ongeza sauti, kisha ipeleke karibu na kila kifaa. Mkoromo ukipanda, umempata mkorofi. Chomoa, sikiliza tena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, maana kifaa kinaendelea kunywa umeme na kukoroma.

3. Ukiruhusiwa na wenye nyumba, zima swichi kuu kwa dakika tano. Kelele zikibaki vile vile, zinatoka kwa jirani. Zikiisha, ni zenu wenyewe. Kwa mama mdogo zaidi ya nusu zilikuwa zetu.

4. Geuza redio. Kwa mawimbi ya kati antena imo ndani: ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Ukiizungusha redio taratibu kama unayegeuza sahani mezani, utapata upande ambao kelele zinafifia na stesheni inabaki. Hii haigharimu hata shilingi.

5. Kwa mawimbi mafupi, ongeza waya. Mita tano hadi saba za waya wenye ganda, ukiufunga kwenye antena ya redio na kuupitisha nje kando ya baraza, zinatosha. Hata waya wa chuma wa kuanikia nguo unafaa, ilimradi nguo za watu umeziondoa kwa adabu. Usiongeze urefu sana, kwa sababu redio ndogo huelemewa na stesheni kubwa zikaanza kuingiliana.

6. Jihadhari. Waya usikaribie nyaya za umeme hata kidogo. Usining'inie chini kwenye njia ya watu. Mawingu ya radi yakikusanyika, uchomoe na uache kusikiliza.

Yupo pia msaada ambao hatuuombi lakini huja. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wanalalamika na kutafuta mishumaa, naye msikilizaji anakimbilia dirishani. Kwa dakika chache, kabla jenereta hazijaanza, anga linakuwa tupu kama la kijijini. Stesheni nilizozipata katika dakika hizo sizipati siku nyingine.

JIRANI

Kuna kelele ambazo hatua hizo zote haziziondoi, kwa sababu chanzo chake kiko nyuma ya ukuta wa mtu mwingine. Likizo moja mkoromo ulikuwa unaanza saa moja jioni na kukoma saa nne usiku, kila siku, kwa usahihi wa saa ya ukutani. Nikafuatilia kwa redio ngazi hadi ngazi, nikafika kwenye mlango wa mzee mmoja mstaafu wa ghorofa ya nne.

Nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa frateri, wewe unatafuta nini huko?"

"Natafuta Madagaska, mzee."

"Na mimi ndiye ninayekuzuia?"

"Si wewe mzee, nadhani ni taa yako ya kusomea."

Alicheka, akaizima, akaja nayo mkononi mpaka kwetu kuhakikisha. Mkoromo ulikuwa umekwisha. Akaketi. Akaanza kunisimulia jinsi ujanani alivyokuwa akisikiliza matangazo ya wapigania uhuru yaliyorushwa kutoka hapa hapa Dar es Salaam, kwa Kireno, lugha asiyoijua, kwa ajili tu ya kusikia jina la Msumbiji likitajwa. Kabla ya kuondoka aliniambia siku nikitaka kusikiliza nigonge bomba mara mbili, naye atazima taa.

Nimelieleza hili kwa sababu wa ghorofani hawezi kuifanya hobi hii peke yake. Kelele za mmoja ni za wote. Ukianza na lawama, utapata mlango uliofungwa na mkoromo ule ule.

SAA NA RATIBA

Ratiba za stesheni za kimataifa huandikwa kwa saa ya UTC. Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: chukua saa ya UTC, toa tatu, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili. UTC 12:00 ni saa tisa alasiri. UTC 17:00 ni saa mbili usiku. UTC 03:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Kumbuka pia tarehe: saa nane usiku wa kuamkia Jumapili kwetu, kwa UTC bado ni Jumamosi.

Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukinakili masafa mwezi Septemba, Novemba usishangae ukikuta kimya.

DAFTARI NA UAMINIFU

Msikilizaji huandika daftari: tarehe, saa, masafa, lugha, alichosikia, na hali ya mapokezi. Kwa hali ya mapokezi kuna kipimo kiitwacho SINPO chenye tarakimu tano. Ya kwanza ni nguvu ya stesheni, ya pili ni mwingiliano wa stesheni nyingine, ya tatu ni kelele, ya nne ni kupanda na kushuka kwa sauti, na ya tano ni hali ya jumla. Tano ni nzuri kabisa, moja ni mbaya kabisa. Kwa mfano, 35233 ina maana stesheni ina nguvu ya wastani, hakuna anayeiingilia, kelele ni nyingi, sauti inayumba kiasi, na kwa jumla inasikilizika kwa wastani.

Ukiituma taarifa hiyo kwa stesheni, zipo zinazojibu kwa kadi iitwayo QSL, yaani uthibitisho kwamba kweli uliwasikia. Kadi hizo hupendwa sana, na hapo ndipo panapokuja kishawishi. Mtu huandika 55555 ili awafurahishe wenye stesheni. Lakini fundi wa mitambo anataka kujua kama wimbi lake linafika Tanga au Mbeya. Anayemsifu bure anamdanganya, na huenda wasikilizaji wengine wakabaki na mapokezi mabaya kwa sababu ya sifa hizo.

Kuna uaminifu mwingine ulio mgumu zaidi. Ukisikia sauti hafifu ya Kiarabu kwenye masafa ambayo ratiba inasema ni ya Cairo, bado hujaisikia Cairo. Umesikia Kiarabu. Daftari langu lina safu tatu: "nimesikia utambulisho", "nadhani" na "sijui". Stesheni huingia safu ya kwanza pale tu inapojitaja yenyewe, au inapopiga alama yake ninayoijua kwa yakini. Radio Vatikani, kwa mfano, hujulishwa kwa mlio wa Christus Vincit, na wengi wetu kanisani tunaufahamu wimbo huo. Ninayo sauti ya mwanamke niliyoisikia kwa majuma mawili mwaka juzi, akisoma kitu kama habari, ambayo hadi leo imebaki kwenye "sijui". Haitatoka huko kwa sababu tu ningependa itoke.

Anayesoma falsafa ataona mara moja kwamba hili ni zoezi la darasani: kutenganisha nilichokipokea, nilichokidhani na nilichokithibitisha. Waswahili wanayo redio mbao, ile ya vijiweni, na leo redio mbao imehamia kwenye simu. Huko kila kitu huandikwa safu ya kwanza. Daftari la DX linamzoesha mtu kuandika "sijui" bila aibu.

NANI ALIKUWA ANASIKILIZA?

Historia ya mawimbi mafupi ni historia ya wasemaji, lakini pia ni ya wasikilizaji, na kwa kawaida wasikilizaji husahaulika.

Radio Vatikani ilizinduliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari 1931. Aliyejenga mitambo yake ni Marconi yule yule. Miaka michache baadaye ilikuja Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya mwaka 1940 na 1946 redio hiyo ilirusha zaidi ya ujumbe milioni 1.2 wa kutafuta na kuunganisha wafungwa wa vita na watu waliopotezana na jamaa zao. Fikiria upande wa pili wa wimbi hilo: mama amekaa karibu na redio, kelele zimejaa, orodha ya majina inasomwa, naye anasubiri jina moja. Kwake mkoromo haukuwa mchezo.

Katikati ya miaka ya 1950 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili ikiwapinga wakoloni, na wenyeji wa pwani na bara waliisikiliza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Moscow, Peking na Cologne nazo zikaja kusema nasi kwa lugha yetu. Kila moja ilikuwa na sababu zake, na msikilizaji mwenye akili alizilinganisha. Dar es Salaam nayo ilisema na walio mbali: kupitia Radio Tanzania, FRELIMO walizungumza na Msumbiji, na Radio Freedom ya ANC ilizungumza na Afrika Kusini, ambako kuisikiliza kulikuwa kosa la jinai. Watu waliisikiliza hivyo hivyo, sauti ikiwa imepunguzwa na milango imefungwa.

Na sisi wenyewe tumesikilizwa. Kwa miaka mingi redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11,735 ilikuwa ikitafutwa na wapenzi wa DX wa Ulaya na Marekani. Wengi wao hawakujua Kiswahili. Walikesha kwa ajili ya taarab.

Leo minara hiyo inapungua. Radio Canada International iliacha mawimbi mafupi mwaka 2012. Mwaka huo huo Radio Netherlands iliyaacha, na Radio Vatikani ikapunguza sana matangazo ya mawimbi hayo kwa Ulaya na Amerika. Kituo cha BBC cha Shelisheli, kilichoielekea Afrika Mashariki, kilifungwa mwaka 2014. Australia ilizima mwaka 2017. Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalikatika ghafla kwa amri ya serikali ya Marekani. Sababu kubwa ni gharama, na kwamba watu wana intaneti.

Lakini intaneti nayo huzimwa. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, BBC ilirudisha mawimbi mafupi kwa ajili ya huko, na mwaka 2023 ikafanya hivyo kwa Wasudani. Wimbi fupi halihitaji bando, halijali mpaka, na halimwambii mtu yeyote nani anasikiliza. Stesheni kadhaa bado zinaitumia Madagaska, kwenye mitambo ya Talata Volonondry, kuzungumza na Afrika. Ndiyo maana nilikuwa natafuta Madagaska.

JE, NI KUPOTEZA MUDA?

Narudi kwenye swali gumu. Kwanza niseme wazi: ukitaka habari tu, tumia simu. Ni rahisi na sauti ni safi. Atakayekuambia DX ni njia bora ya kupata habari hakuambii kweli.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatofautisha bidii ya kujua, ambayo ni fadhila, na udadisi usio na mpangilio, ambao ni kilema. Kwake, ubaya hauko kwenye kujua kwenyewe. Unaingia, kwa mfano, pale hamu ya kujua inapomtoa mtu kwenye wajibu wake. Kwa kipimo hicho, DX inaweza kuwa yoyote kati ya hivyo viwili. Mseminari anayevaa spika za masikioni wakati wa kimya kikuu, au anayekesha kisha akasinzia kwenye Masifu ya Asubuhi, ana udadisi. Baba anayekaa barazani na redio kila jioni ili asiongee na mkewe, ana tatizo jingine, na redio siyo dawa yake. Ndiyo maana nimeifanya kuwa hobi ya likizo na ya saa za mapumziko, si zaidi.

Ikiwekwa mahali pake, naona inafundisha kitu ambacho simu haikifundishi. Simu huniletea nilichokichagua, na ikinizoea huanza kunichagulia kinachofanana nacho. Redio ya mbali haijui kama nipo. Haijibadilishi kwa ajili yangu. Ni mimi ninayebadilika: nasogea dirishani, nageuka, nachomoa chaja, naenda kugonga kwa jirani, nasubiri jua lizame. Aristotle aliona kwamba macho hutuonyesha tofauti nyingi za vitu, lakini masikio huchangia zaidi katika ufahamu, kwa kuwa neno huja kwa kusikika. Naongeza kwamba neno husikika vizuri kwa aliyejitayarisha.

Wengi wetu tunajiandaa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kusikiliza: wagonjwa, wanandoa waliokosana, wazee wanaorudia simulizi moja, watoto wasiojua waanzie wapi. Wanaposema kwa sauti hafifu, ni rahisi kudhani tatizo ni lao, hawaelezi vizuri. Redio imenizoesha kuuliza kwanza swali jingine: ni kitu gani kilicho karibu nami, changu mwenyewe, kinachokoroma?

UANZE VIPI?

Usinunue kitu bado. Katika jumuiya ndogo ndogo nyingi yuko mzee mwenye redio ya zamani yenye SW, imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Mwombe muisikilize pamoja. Weka betri mpya, nendeni dirishani, chomoeni kila kilicho ukutani. Saa mbili usiku anzeni kwenye mita 31, mkizungusha kitufe polepole, pumzi moja kwa kila stesheni. Andikeni mnachosikia, na msichokijua kiandikeni hivyo hivyo kwamba hamkijui. Kisha mwulize mzee alikuwa akisikiliza nini zamani, na kwa nini.